Karibu ya Mara Moja

"Watoto wangu? Watoto wangu wapi, Mzee Naushad? Mtoto ninaye mmoja tu, Carmel, na yuko kazini tangu asubuhi. Mpira wa mwisho aliogusa, alikuwa bado ana mapengo!"

"Basi nani ananipigia ukuta, Mama Carmel? Nimeweka chai mezani, chai inacheza ngoma. Mimi nimekaa Mwanza nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, bana, sikupata kero hii."

"Si ungebaki Mwanza."

"Ningebaki, wewe ungemwomba nani iliki?"

Sisi wengine wa ghorofa ya saba tulishafungua milango, kila mtu upana wa pua yake. Ugomvi wa Mama Carmel, yaani Généreuse, na Naushad hauna kiingilio, na hapa Mount Dennis, Toronto, burudani ya bure haiachwi. Généreuse alikuwa na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi kwenye zulia la korido. Naushad alikuwa amevaa ndala na koti la suti, maana yule mzee havuki kizingiti chake bila koti, hata kama anakwenda kutukana.

Hapo kishindo kikaja tena. Duf. Kimya. Duf.

Hakikutoka kwa Généreuse. Wote wawili wakageuka kutazama mlango wa 709.

Mpangaji wa 709 alihamia Julai na mabegi mawili, na tangu hapo alikuwa chakula cha midomo yetu. Mrefu, mabega kama kabati, kofia ya fulana imefunika uso. Kwenye lifti anasogea pembeni kama anayeomba msamaha kwa ukubwa wake. Wengine walisema ni baunsa wa klabu, wengine askari kanzu. Naushad alishikilia kwamba mabega yale ni ya mtu anayehamisha piano. Aliyejua jina lake hakuwepo.

Généreuse aligonga kwa mwiko.

Kijana alifungua, akainamisha kichwa kuupisha mlango. Nyuma yake tuliona sebule isiyo na hata kiti kimoja. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, limebandikwa msalaba wa utepe mwekundu, na chini yake umelala mpira wenye umbo la yai.

"Mniwie radhi, wazazi," alisema. "Sikujua kama kelele inatoka nje."

Kiswahili! Tena cha Uvira, kule Kongo, chenye mikunjo kidogo kama nguo ya Jumapili iliyokaa sana sandukuni. Généreuse aliacha ugomvi hapohapo.

"Weee! Weye ni wa wapi?"

"Mama yangu ni wa Uvira, mama. Mtaa wa Kimanga."

"Kimanga! Mimi nimesoma Kimanga! Jina?"

"Gaël."

"Gaël, papa, karibu kwangu. Bugali iko mezani, na ndagala."

Gaël aliangusha macho. "Asante, mama. Nimeshiba."

Sasa, ili uelewe kilichofuata, lazima umjue Généreuse. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia watu wasiojiweza. Wiki ya kwanza tu walimfundisha: mwulize mzee mara moja kama anataka supu. Akisema hapana, ni hapana. Ukirudia unamsumbua, na ukirudia sana utaitwa ofisini. Mwanzoni alikuwa akilia kwenye basi, anasema nchi gani hii, mtu anaachwa na njaa kwa sababu ya neno moja. Lakini miaka imekwenda, na mkono uliozoea kijiko cha kazini huendelea kuchota vilevile hata nyumbani.

"Haya, papa," akasema. "Siku nyingine." Akarudi kwenye chungu chake.

Gaël alibaki mlangoni, kitasa mkononi. Hakuingia ndani, hakutoka. Alikuwa anautazama mlango wa Généreuse kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Kijana," Naushad akamwambia, "funga, unapoteza ubaridi wa mashine."

Akafunga.

Jioni hiyo Carmel aliporudi na kusikia jina, alipiga kelele iliyofika hadi kwenye ngazi. Carmel anasikia Kiswahili chote, hata matusi, ila kukijibu ndiyo kazi. Anajibu kwa Kiingereza, na mama yake anaendelea kwa Kiswahili, na hawajawahi kupotezana.

"Mama! Huyo ni Gaël! Kwotabeki!"

"Ndiyo dini gani hiyo?"

Carmel alimweleza, na Généreuse akatueleza sisi, akiongeza chumvi. Huo ni ule mpira wa miguu wa huku, unaochezwa kwa mikono. Kwotabeki ndiye anayeamua. Anapewa mpira, majitu yanamkimbilia kumwangusha, na yeye ana pumzi mbili au tatu za kuchagua amrushie mdakaji gani aliyeko mbele. Huko magharibi mwa Kanada, kwenye nyanda za ngano, huyu Gaël alikuwa nyota. Watu walichora uso wake kwenye ghala. Halafu timu yake ikambadilisha na ya Toronto, wakapewa vijana wawili, kama mtu anayebadilisha fahali kwa ndama. Alifika huku watu wakishangilia. Tangu afike, timu inapoteza. Sasa wanamzomea, wao na watoto wao.

"Wanamzomea na hawajui mama yake?" Généreuse aliuliza.

"Mama, ni uwanja mzima."

"Ndiyo nasema. Uwanja mzima, na hakuna anayemjua mama yake."

Mengine tuliyajua baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Tatizo la Gaël halikuwa mkono. Mkono ulikuwa uleule. Lakini mpira wa kwotabeki haurushwi kwa mtu. Unarushwa mahali ambapo mtu atafika. Unatoka mkononi wakati mdakaji bado amekupa mgongo, anakimbia, na unaamini kwamba atageuka pale mlipokubaliana. Imani hiyo haipatikani kwenye mazoezi ya kocha na filimbi. Inapatikana baada ya mazoezi, wengine wakishaondoka, mkibaki wawili mnarushiana hadi mmoja ajue mwenzake anavuta pumzi lini. Kule magharibi alikuwa naye mwenzake, Mose. Huku alirusha mpira mahali pazuri kabisa, na mahali pale pakawa patupu. Mpira ukadunda peke yake kwenye majani, mbele ya maelfu ya watu.

Si kwamba hakuitwa. Siku ya kwanza tu, kwenye maegesho ya magari, Kemar alimwita. Kemar ndiye mdakaji mkubwa wa timu, mtoto wa Kijamaika aliyekulia Malvern, mwenye meno ya kucheka na watu wanaomfuata popote. "Tunakwenda kwa shangazi yangu," alimwambia. "Kuna mkia wa ng'ombe na wali. Njoo."

Gaël alijibu alivyolelewa. "Asante, niko sawa."

"Poa," Kemar akasema, akapanda gari.

Gaël alisimama pale na begi lake. Gari likawaka. Akafikiri Kemar atateremsha kioo. Gari likarudi nyuma, likapinda, taa nyekundu zikaonekana langoni, zikapotea. Siku ya pili Kemar alimwuliza kama wabaki kidogo warushiane. Gaël akasema, kwa adabu tu, "Usijali, najua umechoka." Kemar akasema poa. Hakuuliza tena, na habari ikazunguka chumba cha kubadilishia nguo kwamba nyota wa magharibi anajiona.

Basi jioni zake zikawa hivi. Anarudi kwa basi la Weston Road, kofia usoni. Anakula wali na kuku kwenye kopo la plastiki, amesimama kwenye sinki kwa sababu hana meza. Mama yake anapiga simu kutoka huko magharibi: umekula, mwanangu? Ndiyo, mama, nimekula na wenzangu. Wanakupenda? Sana, mama. Wacha niwasikie. Wameshaondoka, mama, ndiyo wametoka sasa hivi. Akikata simu anasimamisha godoro. Duf. Anakwenda kuuchukua mpira mwenyewe, anarudi, anarusha. Upande wa pili wa ukuta anasikia nyumba ya Généreuse: sahani, kicheko, mtu anaimba wimbo wa kanisani vibaya, mtu anamwambia anyamaze.

Baada ya siku ile ya mwiko hakurusha tena ukutani. Aliogopa kumsumbua mzee. Alikaa sakafuni na mpira mapajani, akisikiliza.

Alhamisi iliyotangulia mechi, kocha alimwita. "Jumamosi utaanza wewe," alisema. "Baada ya Jumamosi, tutaona." Na kwotabeki aliyezidi thelathini, akishakalishwa benchi, hachukui muda kuachwa.

Alhamisi hiyohiyo nyumba ya Généreuse ilikuwa imejaa kama kawaida. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekuja kupanga harambee na walikuwa hawajaigusa harambee. Naushad alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, anatoa miba kwenye samaki kama sonara. Carmel alikuwa na simu.

"Mama, huyu hapa anamzungumzia jirani."

Ilikuwa Kemar, anahojiwa, taulo shingoni. Carmel alitafsiri, hapa na pale kwa mkato. Gaël ni mchezaji mzuri, Kemar alisema. Ni mtu wa peke yake tu. Tulimkaribisha, akasema hapana. Mtu akitaka nafasi yake tunampa. Tunamheshimu.

Généreuse aliacha kukata vitunguu.

"Walimkaribisha mara ngapi?"

"Sijui, Mama. Si amesema walimkaribisha?"

"Mara ngapi, Carmel? Rudisha."

Carmel alirudisha. Kemar akasema tena: tulimkaribisha, akasema hapana.

"Mara moja," Généreuse alisema. "Mtoto wa Uvira, wamemkaribisha mara moja!" Akawageukia kwaya. "Nyinyi, kwenu, ukikaribishwa chakula unasema nini?"

"Nimeshiba," wakajibu wote kama wako madhabahuni.

"Hata kama tumbo linalia?"

"Hasa kama linalia!"

"Na mwenyeji anafanya nini?"

"Anakuvuta mkono!"

Naushad aliweka mwiba pembeni mwa sahani. "Mwanza," alisema, "marehemu Gulnar, mke wangu, alikuwa akikukaribisha mara mbili, ya tatu anakutilia chakula mdomoni. Mtu akiitwa mara moja, huyo ameambiwa aende kwao." Akamgeukia Généreuse. "Mama Carmel. Wewe ulimwita mara ngapi?"

Généreuse alifuta mikono kwenye kanga, akatoka.

Gaël alifungua mlango polepole. Godoro lilikuwa limelazwa chini, shuka zimekunjwa juu yake vizuri, na mabegi mawili yamefungwa zipu.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado, mama. Jumapili, labda. Wakala wangu anasema niombe kuachwa kabla hawajaniacha. Ni heshima zaidi."

"Na mama yako umemwambia?"

Akatikisa kichwa.

Généreuse aliingia bila kukaribishwa, akatafuta pa kukaa, hakupaona, akakaa juu ya begi. "Sikiliza. Huyo Kemar. Alipokwambia mwende kula, ulitaka kwenda?"

Gaël alicheka kwa pua. "Mama, nilikuwa sijala tangu asubuhi."

"Ukasema hapana."

"Mama yangu alinifundisha. Usirukie chakula cha watu kama mbwa. Kataa, ngoja. Kama wanakutaka kweli watarudia. Kule magharibi Mose hakuwa na adabu, Mungu ambariki. Nilikataa, akachukua begi langu akalitupa kwenye gari lake. Ikabidi nilifuate." Akaitazama mikono yake. "Huku hakuna aliyechukua begi. Nikajua hawanitaki. Mtu hawezi kujilazimisha."

"Hawakujua, papa. Kwao hapana ni hapana. Wewe unangoja ya pili, wao wanafikiri wanakuheshimu. Mimi mwenyewe hapo mlangoni..." Akapunga mkono, hakumaliza. "Mama yako alikufundisha vizuri, lakini alikufundisha ya Uvira. Hapa ya pili utaisema wewe."

"Niombe?"

"Uombe."

"Ni aibu, mama. Mtu mzima, nimpigie mwanamume simu nimwambie nini? Njoo tucheze?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Sisi tulikuwa koridoni, na kwaya nzima, na aliyetukanyaga vidole hatukumsema. Mwishowe akapiga, spika ikiwa wazi. Aliongea kwa Kiingereza, taratibu, macho sakafuni. Carmel alitunong'onezea.

"Anasema, siku ile nilitaka kuja. Anasema, kwetu mtu hukataa kwanza. Anasema... anasema, sina mtu wa kumrushia mpira."

Kisha spika ikakoroma. Tukafikiri amekatiwa.

"Kemar anasema nini?" mtu akauliza.

"Anasema, mwezi mzima nilidhani unatudharau. Anasema, uko wapi?"

Kutoka Malvern hadi kwetu ni kuuvuka mji mzima, na saa za jioni barabara kuu inasimama kama foleni ya hospitali. Kemar alifika jua bado liko juu ya miti. Wakashuka hadi viwanja vya Eglinton Flats, na sisi tukashuka nyuma yao, tukijifanya tumetoka kupunga upepo. Naushad alikuja na koti lake.

Mpira wa kwanza ulianguka. Wa pili pia. Kemar anakimbia, anageuka, mpira umeshapita, unabingirika hadi kwa Wahindi wanaocheza kriketi, wanaurudisha. Hawakuwa wanazungumza. Gaël alikuwa na uso wa mtu anayejaribu funguo kwenye mlango wenye giza. Ilikuwa vibaya kutazama, na mmoja wa kwaya akasema afadhali twende zetu. Hatukwenda. Kemar akaja mbio, akamshika bega, akamwonyesha kitu kwa mguu, hatua fupi ya mwisho kabla ya kugeuka. Gaël akaitikia. Wakarudia. Wakarudia tena, hadi Wahindi wakafungasha vifaa vyao. Mara moja, nuru ikiwa imeshakuwa ya rangi ya chai, Kemar aligeuka na mpira ulikuwa pale, umefika kabla yake, unamngoja hewani. Hakuudaka kwa ustadi. Ulimpiga kifuani, akaukumbatia. Lakini alibaki ameushika, anautazama, kisha akamtazama Gaël, na Gaël akakaa chini kwenye majani, akafunika uso kwa fulana.

"Ameumia?" Naushad aliuliza.

"Nyamaza, Mzee," Généreuse akamwambia.

Jumamosi tulijazana kwa Généreuse kuangalia mechi mchana. Nusu yetu hatukuelewa chochote. Tulikuwa tunamtazama Carmel, akiruka na sisi tunaruka. Uwanja ulianza kumzomea Gaël mapema. Alipoangushwa mara ya kwanza, Généreuse aliingia jikoni akakataa kutoka. Kipindi cha tatu Carmel alipiga yowe. Wakairudia polepole kwenye skrini: Gaël anarusha, Kemar amempa mgongo, mpira uko njiani kuelekea mahali pasipo na mtu. Hakuna mtu. Hakuna mtu. Kisha kuna Kemar.

Walipoteza hata hivyo, kwa pointi chache. Msidanganyike na wanaosimulia vinginevyo. Lakini mwisho wa mechi kamera ilimkuta kocha amemshika Gaël shingo, anamwambia jambo sikioni, na alipohojiwa kocha alisema kwotabeki wake wa wiki ijayo ni yuleyule. Carmel alituapia kwamba alisema hivyo. Généreuse akatoka jikoni.

Wachezaji wetu walipofika jioni, chakula kilikuwa kimeshafunikwa na kufunuliwa mara nyingi. Mlango wa Généreuse ulikuwa wazi, viatu vimejaa hadi koridoni. Lifti ikafunguka. Gaël alitoka na barafu imefungwa begani kwa plastiki, anatembea kama mzee, na nyuma yake Kemar amebeba mabegi yote mawili, lake na la Gaël. Tukanyamaza sote, kitu ambacho hakijawahi kutokea ghorofa ya saba.

Kemar aliyaweka mabegi mbele ya 709. Généreuse akasimama mlangoni, na kwa Kiingereza chake cha kazini, kile safi, akamkaribisha chakula.

Kemar aliweka mkono kifuani, akatabasamu. "Asante sana, mama. Niko sawa."

Généreuse hakujua hapana hiyo ni ya wapi, ya Uvira au ya huku. Nyuma yake Naushad alikuwa anamsukuma kwa kiwiko.

Gaël alikuwa ameshaingiza ufunguo kwenye mlango wake. Akautoa.

"Kemar," akasema. "Ingia ule."

"Kaka, nimesema niko sawa."

"Nimekusikia," Gaël akasema, akainama kwa shida akaliokota begi la Kemar kwa mkono wake mzima, akalitupa ndani kwa Généreuse, katikati ya viatu. "Vua viatu. Ingia ule."